Homa ya Kaka na Maziwa Mabichi

Mudogo wangu Furaha, amani ya Bwana ikae kwako.

Bukavu iko mvua tu. Kaka yetu, ile homa ya maziwa mabichi ilipotulia, akataka kuacha dawa. Dokta, maman mucheshi, akamuuliza: "Papa, mutu akikushika mukono kama ndugu, utamukatalia mulango?" Akaeleza: mikrobe, kale kadudu ka maziwa mabichi, inashika vitu vidogo juu ya seli za mwili, seli inaimeza yenyewe, nayo inajificha mule ndani na kuzaa; ndiyo maana dawa inaendelea hata homa ikitulia.

"Inakula bure kama shemeji yangu," kaka akasema. Tulicheka, akameza vidonge. Atapona, Mungu iko.

Sasa wewe chemsha maziwa ya watoto, hata mama-mukwe akinuna ati ukichemsha, ng'ombe itakauka maziwa. Ng'ombe haikauki juu ya moto wa jikoni.

Dada yako anayekupenda,
Maman Neema