Mlango Ulionishinda Fundi Mzima

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unautumia kama kisingizio cha kutokuja? Sisi wazima. Dada yako, yaani mama yangu, hajambo na anagomba kama kawaida. Mimi ndiyo usiseme: nimerefuka, nimependeza, na nusu ya milango ya mtaa huu nimeitengeneza mimi. Nusu nyingine ndiyo ile isiyofunga.

Sasa kaa kitako. Najua unachosubiri ni habari za mdogo wangu Kasauti. Wewe ndiye uliyemsihi baba kwa simu ampe nafasi ya mwisho, maana mwaka jana kigugumizi kilimkaba jukwaani mpaka pazia likafungwa. Baba alikubali shingo upande: akikwama tena, maigizo basi.

Maonyesho ya shule yao, pamoja na mashindano ya michezo ya kuigiza, yalikuwa Jumamosi. Mjomba, mimi shule niliiachia njiani, lakini macho ninayo. Kwenye korido wametundika mikono ya mama anayefua, imechorwa kwa mkaa tu, na ukiitazama unatamani kumpa taulo. Pembeni yake kuna shairi la mtoto wa kidato cha kwanza, linahusu kiatu kilichobaki kimoja. Nililisoma, nikarudia, watu wakanipita. Mimi, Mjomba! Mimi niliyekuwa nafungia maandazi kwenye kitabu cha mashairi!

Mchezo ameutunga Kasauti mwenyewe. Msichana anasafiri mbali kumtafuta mjomba wake (ndiyo, wewe, usijifanye hujui), anafika, anakuta nyumba imefungwa. Na jukwaani ukasimama mlango wa nyumba ya bibi. Ule ule! Bluu iliyobambuka, ufa ulioutia wewe kwa teke, kitasa kilicholegea. Nikajiuliza, hawa wameung'oa lini?

Kasauti akabisha hodi. "Mjomba, ni mimi. Nifungulie." Akabisha tena, akasukuma. Midomo ikaanza kumcheza. Baba akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, kitasa kimekwama, mtoto ataaibika, na fundi nipo! Nikaruka jukwaani, nikakamata kitasa.

Nikakamata rangi. Kitambaa kitupu, Mjomba! Mlango umechorwa, kuanzia ufa mpaka tundu la ufunguo. Mimi ninayekula na randa mkononi nimedanganywa na brashi za wanafunzi.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Fundi, leta nyundo!"

Kasauti akanitazama. Mwalimu wake ameniapia kwamba maneno haya hayakuwemo kwenye mchezo. "Kaka, acha," akasema, bila kukwama hata kidogo. "Huu hata fundi hauwezi. Unafunguliwa na mwenyewe tu, siku akirudi."

Kicheko kikakatika kama uzi. Akaendelea mpaka mwisho, sauti imenyooka, nami nimesimama pale pale kama kabati, kwa sababu nilishageuka sehemu ya mchezo. Nimesisimka mpaka leo. Majaji wakawapa nafasi ya kwanza. Baba hakupiga makofi. Alikuwa anapangusa miwani ambayo, kumbe, aliisahau nyumbani. Njiani akamwuliza Kasauti, kama hataki vile, "Mwakani mnaigiza nini?"

Shule imetuachia ule mlango. Nimeupigia fremu ya mbao, nimeusimamisha sebuleni. Jana nimemkuta mama anaubisha polepole, akidhani hakuna mtu. Aliponiona akanifukuza nikachote maji.

Wote wanakusalimu: baba, mama, Kasauti, hata fundi wangu mkuu, anayesema nipunguze majivuno. Mungu akulinde, akunyooshe mgongo, akupunguzie visingizio. Fremu ipo, bawaba za kweli nimetia. Kilichobaki ni mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutania,

Msumari