Florentine Amerudisha Bunduki

Jumatano, 3 septembre 2003

Florentine amerudia! Mudogo yangu, miaka tano katika jeshi, leo ameshuka kwa pikipiki mbele ya mlango wetu, hapa Butembo. Amekonda, mais anacheka kama zamani. Bunduki ameirudisha kule Beni, mukubwa wake wa jeshi amemuacha aende.

Mama alimushika kichwa, mikono, miguu, kama mutu anayechagua kuku sokoni. "Uko muzima? Kweli uko muzima?"

Papa naye akasimama wima, akamupigia saluti. Papa yangu Syauswa, soda, mwanajeshi wa wakati ya Zaïre, ambaye hata siku moja hajatuelezea jeshi. Florentine akajibu saluti. Kisha wote wawili — kulia na kucheka pamoja.

Jumamosi, 6 septembre

Kitanda, hapana. Florentine analala chini, anasema godoro inamumeza. Mbele ya jua kutoka ameisha kufagia lupango yetu, uwanja wote, na ya jirani pia. Jirani akakuja kuuliza kama tumechoka na uchafu wake. Tulicheka mpaka tumbo ikauma.

Mais mlango wa bati ulijifunga kwa nguvu, mlio kama wa risasi, na Florentine akajitupa chini. Mama akalala karibu naye, kwenye udongo, na kikwembe, kitenge chake kipya. Wakabaki pale wakipiga habari, kama batu walio kitandani.

Jumapili, 14 septembre

Kisha misa kuisha, Éphraïm alikuja. Anauzisha viazi vya kwao Musienene. Miaka yote hii alimungojea Florentine. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri, yote ikamupotea. "Nilikuletea viazi," akasema. Gunia nzima.

Florentine: "Nipike leo, ama kwanza unioe?"

Dada yangu hana haya. Papa akawa wa kwanza kucheka.

Alhamisi, 18 septembre

Baba ya Éphraïm, mzee Malachie, amekataa. Mwaka uliopita basoda walikula mbuzi zake zote. Hataki soda katika familia.

Éphraïm anasema ataoa tu. Florentine hataki, ananiambia mimi niliyezaliwa mbele yake: "Sitaingia kwa batu kama mwizi, yaya. Nitaenda kwake mwenyewe."

Papa: "Tutaenda wawili."

Watatu, nikasema.

Jumamosi, 20 septembre, Musienene

Naandika juu ya magoti, katika jikoni ya kwao Éphraïm. Mvua imekata barabara, leo haturudi.

Malachie alitupokea inje. Viti, hapana. Akamutazama Florentine macho kwa macho. "Ni wewe ulikula mbuzi zangu?"

"Hapana, papa. Siku zile nilikuwa Kalunguta. Mais kule nilikula mbuzi za wengine. Njaa ilikuwa mingi, na hatukuomba ruhusa."

Nikafikiri, basi, imeisha. "Donc kumbe unajua kusema kweli," mzee akasema.

Pale pale, mvua. Na maharagi yao yote yameanikwa uani! Florentine akapaza sauti ambayo sijaisikia kwake hata siku moja: "Noki, noki, haraka! Yaya, vikapu! Papa, ile bâche, turubai! Mzee, shika kona ile!"

Na mzee Malachie akashika kona.

Tuliokoa karibu yote. Mzee, maji inachuruzika kwa kofia, akatazama ile kona ya bâche mukononi mwake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

Sasa tuko kando ya moto. Mama ya Éphraïm amemuvalisha Florentine kikwembe chake kikavu. Malachie amemuuliza Papa: "Na wewe, ulirudia aje kwako kutoka jeshi?"

Papa akasukuma kuni ndani ya moto. "Nilipita nyuma ya nyumba, juu ya kusikia haya. Nilivaa tenue, nguo ya jeshi ya serikali iliyokimbia. Hakuna mutu aliniimbia."

Ni kweli. Mwaka 1997 tulimukuta tu amekaa jikoni. Tukamupa chakula. Hatukujua cha kusema.

Ya ndoa, Malachie hajasema kitu. Amegeukia muke wake tu: "Umesikia?" Na yeye, mwiko bado mukononi, ameanza kuimba kwa Kinande, polepole, ule wimbo wa kupokea mutu aliyetoka mbali. Malachie anapiga makofi. Papa ameinamisha kichwa, mabega inatikisika. Florentine amemushika mukono, anaimba pia.

Éphraïm amefika sasa kutoka soko, kwa miguu, analowa mlangoni, anauliza kwa macho: ndiyo ama hapana? Namufanyia ishara aingie, aimbe kwanza —