Meli Nisiyoiona

Jumapili, 31 Julai 1955

Msasa tangu saa moja asubuhi. Ubavu wa kushoto wa meli bado una nundu. Nimesugua mpaka vidole vimekufa ganzi, na nundu ipo. Ubao wa sanduku la chai una kiburi chake.

Chamani leo tulikuwa sita. Kila Jumapili tunakutana ukumbini Mnazi Mmoja, watu wazima na ndevu zetu, tunaunda meli za kukaa mezani na wala hatuoni haya. Mke wangu Zainabu anatuita manahodha wa uvunguni, maana meli zetu zote zinalala chini ya vitanda. Mwenyekiti wetu ni Mzee Sefu. Zamani alikuwa sarahangi, mkuu wa mabaharia, na bado anatupigia kelele kama tuko baharini. Katangaza maonyesho: Jumamosi, tarehe 10 Septemba. Tarehe 21 mwezi ujao kila mtu ataiapia meli yake.

Hiyo ndiyo sheria yetu kubwa. Unaweka mkono juu ya meli, unasema uliiona lini na ulikuwa umesimama wapi. Meli ya kwenye picha hatuitaki. Ya kuhadithiwa ndiyo kabisa.

Wali wa mchana nimeurudisha jikoni.

Jumanne, 2 Agosti

Kazini kutwa, karakana ya reli, Gerezani. Milango ya mabehewa. Vumbi la mninga puani.

Nimerudi nimemkuta mama barazani na wageni wawili kutoka Buguruni. Anawahadithia. Hadithi hiyo naijua neno kwa neno. Jinsi mdogo wangu Rajabu alivyokwenda vitani Burma mwaka arobaini na tatu. Jinsi mama alivyokuwa na homa siku ya safari asiweze kuinuka. Jinsi alivyonituma mimi bandarini na kopo la visheti. Jinsi Rajabu alivyosimama sitahani akanipungia kofia mpaka meli ikapita mlango wa bandari.

Rajabu hakurudi. Kazikwa huko huko, wapi hasa hatukuambiwa. Mama ana hiyo kofia ya kupunga tu.

Wageni walinitazama kwa huruma. Nikaingia ndani kama mwizi.

Nitaandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Sikwenda bandarini.

Jumatano, 3 Agosti

Nimalize nilichokianza jana.

Tulikwenda wote wawili kujiandikisha. Rajabu akachukuliwa, mimi nikakataliwa kwa ajili ya mguu huu wa kushoto, mfupi kuliko mwenzake. Mimi kaka, yeye mdogo. Wivu ulinila wiki nzima. Siku ya safari nikalichukua lile kopo, nikafika Gerezani, nikaketi nyuma ya behewa bovu, nikala visheti vyote. Kimoja kimoja. Nikarudi nyumbani. Mama akaniuliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona. Akauliza alikuwa amesimama wapi. Hapo ndipo kofia ilipozaliwa.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ina miaka kumi na miwili na bado naenda.

Na meli hii ni mama aliyeiomba. Ilikuwa Ramadhani, tumemaliza kufuturu. Akasema kila mtu chamani ana meli yake, basi nimuundie ile ya Rajabu, maana mimi niliiona. Ningesema nini?

Jumapili, 7 Agosti

Jamnadas kanitajia rangi ya meli: kijivu, kama zote za wakati wa vita. Yeye ni karani wa bandarini, kazi yake kuhesabu kinachoingia na kinachotoka, na siku ile alikuwepo. Tangu nianze namdokoa maneno kama kuku anavyodonoa. Dohani za moshi, moja au mbili? Moja. Mashua za kuokolea? Nne. Naye anadhani nimesahau tu.

Mhindi mpole. Gundi yetu ya ngozi ya ng'ombe haigusi, dini yake hairuhusu. Anaunganishia utomvu wa mkorosho, na kila masika meli zake zinaachana vipande vipande. Anaziunganisha upya bila kulalamika. Nampenda mtu yule, na namdanganya kila Jumapili.

Jumamosi, 13 Agosti

Rangi nilimaliza kupaka juzi. Nzuri. Nundu haionekani ila kwa anayejua.

Mama kaja kuitazama. Kaipapasa kuanzia mbele hadi nyuma, polepole, kama anavyopapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Kisha akaomba jambo moja. Niweke nukta ya rangi mahali Rajabu aliposimama, apajue.

Nikamwambia rangi haijakauka. Ilikauka jana.

Jumapili, 21 Agosti

Nimeapa. Mkono juu ya meli, mbele ya watu wote: niliiona mwaka arobaini na tatu, nimesimama ufukweni karibu na kanisa, mdogo wangu akanipungia kofia. Mzee Sefu alifuta macho kwa kanzu. Wakapiga meza. Jamnadas hakupiga.

Tulipotoka akafuatana nami. Tulikwenda mpaka tukaingia Kariakoo, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Athumani, siku ile pwani yote ilifungwa. Meli ilitia nanga mbali. Askari walipelekwa na matishali, yale mashua mapana ya mizigo, alfajiri. Jamaa zao waliishia langoni, wakaacha vifurushi, navyo vikapelekwa. Hakuna aliyemwona mtu wake."

Kisha akaniuliza kama mguu unaniuma, maana leo natembea vibaya. Akaniaga.

Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo hata ningekwenda nisingemwona. Nimeligeuza hili neno njia nzima nikitafuta nafuu. Haimo. Vifurushi vilipelekwa. Visheti vingefika.

Jumatatu, 22 Agosti

Nimemwambia Zainabu. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Akasema mficha uchi hazai, nimwambie mama mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine, na yeye Zainabu asitumwe. Hayumo.

Chakula cha jioni kanipakulia kipande kikubwa cha samaki, cha kichwani, ambacho ni chake siku zote.

Jumatano, 24 Agosti

Sijamwambia. Mimi mwoga. Naandika tu.

Alhamisi, 25 Agosti

Nimemwambia. Saa kumi alasiri, uani. Alikuwa anachagua mchele. Nilisema haraka haraka huku nikitazama ungo. Mkono wake haukusimama. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Na visheti?"

"Nilikula, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Akaendelea kuchagua. Baadaye niliona kwamba anatupa chenga na mchele mzuri pamoja.

Jumamosi, 27 Agosti

Hasemi nami. Shikamoo yangu anaiitikia, lakini marahaba yake inaenda ukutani. Chai ikiwa tayari anamwambia Zainabu, "Mwambie mumeo chai inapoa," nami niko hatua mbili. Zainabu ananigeukia, ananiambia kwa heshima zote kwamba chai inapoa. Siku nyingine ningecheka.

Jumapili, 28 Agosti

Nimesimama chamani nikakifuta kiapo. Nikasema yote, hata visheti. Ni vigumu kuutamka mdomoni utamu ulioula kwa wivu.

Mzee Sefu alikasirika hasa. Alimwaga machozi yake bure, na mtu kama yeye halii hovyo. Akasema meli hii haitawekwa pamoja na za wenzangu, sheria ni sheria. Hana kosa.

Jamnadas akasimama. Huwa hasemi mikutanoni. Akaomba meza ndogo karibu na mlango, nje ya safu, na kikaratasi juu yake: muundaji hakuiona meli hii. Wakabishana sana. Mwisho Mzee Sefu akakubali, ila kikaratasi nikiandike mimi kwa mkono wangu.

Nimekiandika. Maneno manne tu, nikakosea mara mbili.

Jumatano, 31 Agosti

Jirani kaja kusalimia. Akamwomba mama amsimulie binti yake habari za kofia. Mama akasema hakumbuki.

Nilikuwa mlangoni, navua viatu. Nilikaa na kiatu kimoja mkononi muda mrefu. Nilidhani nikisema kweli nitakuwa nimemrudishia kitu. Nimemnyang'anya. Alichokuwa nacho cha Rajabu kilikuwa uongo wangu, na sasa hata huo hana.

Ijumaa, 2 Septemba

Mama kamwita Jamnadas. Mimi sikujua, Zainabu ndiye aliyemweleza kwamba siku ile alikuwepo bandarini, na ndiye aliyepeleka salamu. Nimetoka msikitini namkuta kaketi barazani, magoti pamoja kama mwanafunzi, kikombe cha chai mbele yake. Nikataka kupita. Mama akanionyesha mkeka kwa kidole. Nikakaa.

Akamwuliza kama alimwona Rajabu. Nilimtazama Jamnadas. Nilimwomba kwa macho adanganye. Mungu anisamehe, sijakoma.

"Mama, mimi nilihesabu watu," akasema. "Nyuso sikutazama. Walikuwa wengi."

Mama akatikisa kichwa. Hakukasirika. Akaanza kumwuliza mambo madogo madogo, moja baada ya jingine, kama mtu anayeokota shanga zilizomwagika. Walikuwa wamevaa viatu? Ndiyo, vipya, wengi wanachechemea. Walikuwa wanalia? Hapana, walikuwa wanaimba, kila kabila na wimbo wake, kelele tupu. Baridi ilikuwepo? Kidogo. Na huko melini wangekaa wapi? Sitaha ya nyuma, ilikuwa imefungwa turubai kubwa, kijivu. Walikula?

"Walipewa chai na mkate kabla ya kupanda matishali. Hilo nalijua, magunia ya mkate niliyahesabu mimi."

Mama akakitazama kikombe cha chai kilicho mbele ya Jamnadas.

"Kumbe alikunywa chai," akasema.

Akasema tena, peke yake, kumbe alikunywa chai. Miaka yote hii nilidhani kofia ndiyo iliyomshika. Yeye alikuwa anafikiria njaa tu. Alihofia mwanawe kaondoka na tumbo tupu, na visheti ndivyo vilikuwa dawa yake, na kila alipohadithia kofia alikuwa anajihakikishia kwamba kopo lilifika.

Jamnadas alipoinuka, mama alimsindikiza mpaka barabarani. Wageni wengine anawaagia mlangoni.

Jumamosi, 3 Septemba

Asubuhi, juu ya meza yangu ya kazi, kipande cha kitambaa cha marikani kimekatwa kiasi cha kiganja, pindo limeshonwa pande zote nne. Mshono wa mama. Nikatoka nacho kumwuliza, ingawa nilijua.

"Ya turubai," akasema. "Meli yako haina turubai." Kanisemesha mimi. Si ukuta.

Nimekipaka rangi ya kijivu na kukifunga juu ya sitaha ya nyuma kwa nguzo sita za kiberiti. Kimekaa sawa. Nimefurahi kama mjinga.

Ijumaa, 9 Septemba

Kazi nyingi karakanani, wiki nzima hakuna nafasi. Kesho maonyesho. Mama kaanika buibui lake kwenye jua kali tangu asubuhi. Sijamwuliza kama anakuja, naogopa jibu.

Jumamosi, 10 Septemba

Watu wengi kuliko tulivyotazamia. Meli kumi na moja katika safu, yangu ya kumi na mbili, peke yake mlangoni na kikaratasi chake. Mlangoni ndipo kila mtu anapopita. Jamnadas alilijua hilo alipoomba meza ile, nina hakika. Meli yake ilikatika mlingoti saa nne, akaushika kwa vidole mpaka saa sita huku akiwaeleza wageni.

Wengine walisoma kikaratasi wakacheka. Nilivumilia. Mtu mmoja akauliza kwa sauti meli isiyoonwa inaoneshwaje.

Mama alifika na Zainabu baada ya adhuhuri. Hakwenda kwenye safu. Alisimama kando ya meza yangu, mkono mmoja juu ya ubao, na hapo ndipo alipokaa mpaka tunafunga. Kiti alikataa. Kila aliyeuliza ni ya nani, alijibu yeye kabla sijafungua mdomo.

"Ya wanangu."

Hakusema zaidi na hakuna aliyeuliza zaidi. Mzee Sefu alikuja mwishoni, akalitazama turubai, akainama akakaza fundo moja lililolegea. Akaenda zake.

Nimelia chooni. Naandika ijulikane, walau na mimi.

Jumapili, 11 Septemba

Hakuna chama leo, tumepumzika. Mvua kidogo asubuhi, kisha jua.

Meli iko juu ya kabati la mama. Baada ya chai kaniita nije na rangi. Nikaja na kikopo cha nyekundu na kijiti, nikasimama sijui la kufanya. Nikamwambia, mama, mimi sipajui mahali. Akasema anajua kwamba sipajui. Akaizunguka meli polepole. Mbele hakupataka, upepo mwingi. Karibu na dohani hakupataka, moshi. Akafika nyuma, akaingiza kidole chini ya lile turubai.

"Weka hapa," akasema. "Hapa jua halimpati."

Nikapenyeza kijiti, nikaweka nukta. Akainama, akapuliza chini ya turubai mpaka ikakauka.