Kwa Tefo Hlalele, Aliyezikwa na Masharubu ya Mtu Mwingine

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya baridi tulipokulaza Soweto ukiwa na masharubu yasiyo yako.

Aliyetutuma sisi wanao tuandike ni mkeo, mama yetu, Mme Mapuleng. Katupa masharti mawili: tukuite kwa jina ulilozaliwa nalo, na yule mwanamke tusimtaje. La kwanza tumelitimiza hapo juu. La pili tutalivunja, na ameshajua. Atatununia hadi Jumapili.

Tunakumbuka viatu. Kila Jumapili ulikaa kizingitini na kopo la dawa ya viatu ukatung'arishia sote, hata wageni waliolala kwetu. Mtaa mzima wa Naledi unakumbuka mabomba uliyoziba bila kuitwa. Na tunakumbuka ulivyounguza uji, wewe ambaye nchi nzima ilikujua kuwa mwoka mikate.

Kwa maana kila jioni, saa moja na nusu, kwa miaka ishirini na minane, uligeuka, kwenye mchezo wa televisheni, Mzee Zondi wa duka la mikate, Mzulu wa sauti nzito na masharubu ya kutisha. Waandishi wa ule mchezo walikuja wakaondoka, wewe ukabaki. Walikuua mara mbili, watazamaji wakalia, wakakufufua. Ulipokufa kweli, jirani yetu alikataa kuvaa nguo za msiba. "Atarudi huyu," alisema. "Hata ile ajali ya treni alirudi!"

Mama alikuonea wivu tangu mwezi wa kwanza, na hakuwahi kuuficha. Katika mchezo ulikuwa na mke, MaNgubane, aliyechezwa na Nomvuyo Jali kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Yeye ulimwita ua la moyo wako mbele ya mamilioni ya watu. Ukija nyumbani ulimwita Mama kwa ukoo wake tu: "Mofokeng, nipe chumvi." Mama aliapa kwamba hautazami mchezo huo, lakini aliosha vyombo mlango wa jikoni ukiwa wazi, na kila ulipomshika MaNgubane mkono, sufuria zilitiwa adabu kwa kishindo.

Unakumbuka siku ile dukani, mlipokwenda kununua blanketi? Mama mmoja aliacha kikapu chake akakufuata.

"Nondaba! Huoni haya? MaNgubane yuko nyumbani anakanda unga, wewe unazurura na kimada?"

"Mama yangu, huyu ni—"

"Usinidanganye! Na wewe dada, tafuta wako!"

Ndivyo mke wa ndoa alivyofanywa nyumba ndogo katika ndoa yake mwenyewe. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Yeye hakucheka, na lile blanketi hakujifunika miaka yote ile.

Kilichomuuma zaidi ni hilo jina. Nondaba ni sifa ya ukoo wa kina Zondi. Ndivyo wanavyowaita wazee wao, walio hai na waliolala. Wewe ni Motaung, mtu wa ukoo wa simba. Lakini watu walipokuita Nondaba njiani, ulivua kofia ukaitika, kwa kuwa hukujua kumnyima mtu furaha. Mama alikuonya. "Unaitikia wazee wa watu. Ipo siku watakuita kweli, na utakwenda kwao." Ukamjibu, "Mofokeng, ni kazi tu."

Na masharubu! Mkataba ulikukataza kuyanyoa. Chini yake kulikuwa na lile kovu dogo juu ya mdomo, ulilopata kwa pigo la fimbo ulipokuwa mvulana ukichunga ng'ombe Qwaqwa. Mama alikupenda kwa sababu ya kovu hilo. Anasema lilikufanya uonekane kama mtu anayetaka kucheka kanisani. Tangu Nondaba aingie chumbani mwake, hakuliona tena.

Siku ya kukuvika kwa maziko aliomba wembe. Baba mdogo Thabiso akakataa.

"Shemeji, jeneza litafunguliwa. Tukimnyoa, watu watasema tumezika mtu mwingine."

"Na msipomnyoa, ndivyo mtakavyofanya."

Hakusikilizwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye godoro la mjane, na mjane hainuki kugombana. Tunalisema hapa kwa kuwa tulikuwepo, na tulinyamaza.

Halafu wakaja wanawake wa Katlehong, wapenzi wa mchezo, basi zima, na blanketi zuri la kumfunika mfiwa. Wakampita Mama pale chini. Mmoja akainama, kwa upole kabisa: "Samahani, dada. MaNgubane yuko chumba gani?"

"Yuko kwenye televisheni," alijibu Mama.

Hakuwa kwenye televisheni. Alikuwa uani, kavaa nyeusi tii, analia kama aliyechomwa, na blanketi likaishia mabegani mwake. Pale makaburini umati ukapaza sauti moja: Nondaba! Nondaba! Wakataja wazee wote wa kina Zondi mmoja mmoja, wakikukabidhi kwao. Mama alijaribu kuita Motaung. Sauti yake haikufika hata kwetu tuliomshika.

Ndiyo sababu mwaka huu umekuwa mrefu. Waliolala huja ndotoni kwa watu wao. Ulimjia Thabiso ukamdai nyundo yako. Ulimjia mwanao Refilwe. Ulimjia hata yule jirani. Kwa Mama hukuja. Kila asubuhi tulimuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. "Yuko kwa Wazulu," alisema. "Wamempokea, wamempa na mke." Tulimcheka mara moja tu.

Jumamosi iliyopita alivua nguo nyeusi, na mchana tukaenda kufunua jiwe la kaburi lako. Lina jina lako peke yake. Watu wa mchezo walitaka picha yako na aproni ya unga. Mama aliwaambia hujawahi kupika hata andazi. Alitaka jambo moja tu siku hiyo: uitwe kwa jina la ukoo wako, na watu wengi, kwa sauti ya kusikika mpaka huko uliko.

Basi la Katlehong likafika. Wameleta mikate! Wakaipanga kaburini, na kabla blanketi halijaondolewa juu ya jiwe, mmoja akaanza: "Nondaba!" Wenzake wakapokea. Mama alifumba macho.

Ndipo Nomvuyo Jali alipotoka nyuma. Akainua kidole, akasema kwa sauti ile ya MaNgubane inayoogopwa na nchi nzima, "Nyamazeni!"

Wakanyamaza, Baba. Hata watoto.

"Mume wangu hayumo humu. Mume wangu aliandikwa na watu kwenye karatasi. Aliyelala hapa ni wa huyu mama." Akapiga goti. "Motaung!"

Kisha akaanza kuzitamka sifa za ukoo wako kwa Kisotho chake cha kukwama kwama, simba kwa simba, babu kwa babu. Tulitazamana. Mama alikunja uso. Tunamjua: alikuwa anafikiri, hata hili amempa!

Katikati, Nomvuyo akakoma.

"Endelea," alisema Mama.

"Hapo ndipo ninapoishia. Kila asubuhi alizisema mbele ya kioo, wakimpaka poda, kabla hajawa Nondaba. Nilimuuliza ni maombi gani. Akasema anamwacha Tefo mlangoni, asije akapotea. Lakini kila siku walikuja kumwita kabla hajamaliza. Miaka yote ile, mama, sijawahi kusikia mwisho."

Mama akanyoosha shingo, na tusifiche, alikuwa na kiburi cha kutosha kijiji.

"Mwisho alinimalizia mimi," alisema. "Jioni, akivua viatu."

Akaanzia pale pale. Sauti ile ambayo mwaka jana haikutufikia, safari hii ilifika mpaka barabarani. Alipomaliza, akina mama wa Katlehong, wenye aibu na machozi, wakaitika kwa pamoja: Motaung! Wakarudia, na wakarudia tena, mpaka Thabiso, aliyekunyima wembe, akaketi kwenye nyasi akalia.

Wakati wa chakula Mama alimpakulia Nomvuyo matumbo kwa mkono wake. Vipande alivyompa havikuwa vile vinono. Hatukutarajia zaidi.

Jumapili alichelewa kuamka. Tulimkuta kitandani kajifunika lile blanketi la dukani, anatazama dari.

"Mama, vipi?"

"Alikuja."

"Kasema nini?"

"Hakusema. Alikaa kizingitini na viatu vyangu." Akagusa mdomo wake wa juu kwa kidole. "Amenyoa. Nimeliona kovu."

Unakumbukwa na mkeo Mme Mapuleng, Mofokeng wako. Wanao Puleng, Katleho na Refilwe. Ndugu yako Thabiso. Dada yako Mmadikeledi. Wajukuu wanaokwenda kanisani na viatu vyenye vumbi. Na, kwa ruhusa ambayo Mama aliitoa akiwa ametupa kisogo, Nomvuyo Jali, mwenzako wa kazi.

Hatutakusahau kamwe, Motaung. Mama anasema uje tena, na uje vivyo hivyo.