Picha Alizoiba Shangazi

Mjukuu wangu Zamzam,

Sisi huku Makindye wazima, ila babu yako bado anagombana na dawa zake.

Unasema kisanduku chako cha kompyuta cha kuhifadhia picha za familia kimejaa, na unauliza kama ununue kikubwa chenye diski nne.

Nilipokuwa msichana, sanduku letu la picha lilijaa pia. Baba akanunua kubwa la bati sokoni Owino, tukahamishia zote humo. Mama alikerwa na jambo moja tu: kila Idi, shangazi Hawa alikuja kutoka Kyebando na kuondoka na picha mbili tatu mkobani. Mama alimwita mwizi, tena usoni.

Mvua ya mwaka ule sitaisimulia. Paa lilivuja, sanduku likawa beseni, picha zote zikaoza. Idi iliyofuata shangazi alifungua mkoba, akampa mama picha ya harusi ya mama na baba. Ndiyo hii iliyo ukutani kwangu.

Basi nunua hicho kikubwa, lakini diski zote nne zitakaa chumba kimoja. Kile cha zamani usikiuze. Acha picha zilezile humo, ukilete huku Idi.

Mwizi wako nipo.

Bibi yako