Chupa Moja Mbele ya Wazee Tisa

Uvira, Jumamosi jioni. Mvua imekatika, joto limerudi palepale.

Kwa shajara yangu yenye heshima, na kwako Kaka Matabaro, mkubwa wa ukoo wetu, ambaye husoma kurasa hizi pale mtandao unapokubali kupanda hadi Lemera: salamu. Madhumuni ya maandishi haya ni kueleza yaliyotokea leo nyumbani kwangu baada ya wewe kuchukua kofia yako na kuondoka, na kukiri kosa ambalo hadi saa kumi sikujua kuwa ni langu.

Bado nimeshtuka. Nimeandika sentensi hiyo ya kwanza mara nne.

Wasomaji wengine wanipe ruhusa niwaeleze. Binti yangu Riziki alikwenda Italia kusomea kilimo, na wakati wa mavuno alifanya kazi katika shamba moja la mizabibu. Mwenye shamba hilo, kijana aitwaye Lorenzo, anaomba kumwoa. Leo alivuka mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, akaja kujitambulisha na kuleta kinywaji cha wazee, kama desturi inavyotaka.

Alileta chupa moja.

Wazee tisa walikuwa wameketi, na kina mama wasiopungua kumi nyuma yao. Aliitoa katika sanduku dogo la mbao, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Tulitazama mlango. Tulidhani vijana wanashusha mengine kutoka garini. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka.

Wewe, Kaka, ndiwe uliyesema wa kwanza: "Chupa moja kwa ukoo muzima? Miye sikukuya huku kuramba kifuniko."

Watu walicheka. Ninakiri kwamba na mimi nilicheka.

Kwa kuwa nilikuwa msemaji wa familia, nilimtaka mgeni aeleze kinywaji chake. Alieleza kwa Kifaransa, Riziki akitafsiri. Alisema shamba lao liko juu ya kilima chenye mawe mengi, na kwamba mzabibu unaoteseka kutafuta maji ndio unaotoa zabibu chache zenye nguvu. Divai hiyo nyekundu hukaa miaka katika mapipa ya mwaloni, kisha hulazwa ndani ya chupa, gizani, chini ya nyumba, ikingoja zaidi. Marehemu baba yake alikuwa akishuka huko kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa.

Dada yetu Mama Faida, aliyetoka Runingu, aliuliza kama kinywaji kilicholazwa miaka yote hiyo hakikuwa kigonjwa. Hata Lorenzo alicheka alipotafsiriwa.

Kisha Mama Faida huyohuyo akatoa shauri, na ninashuhudia kwamba alilitoa kwa moyo mwema. Kwetu kinywaji cha wakwe hakinywewi na wachache huku wengine wakitazama. Chungu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kilikuwa tayari katikati, mirija imesimama ndani yake. "Tumwange mule," alisema. "Kila muntu atapata."

Wote walinigeukia. Nikatamka: "Iruhusiwe."

Mama Faida alimimina chupa yote, hadi tone la mwisho, akaitikisa.

Nilikuwa nikimtazama Lorenzo. Uso wake ulipoteza rangi, mkono wake ukainuka kidogo, kisha ukarudi gotini. Alichuchumaa mbele ya chungu pamoja na wazee, akashika mrija, akanywa. Wewe, Kaka, hukunywa. Ulisema jibu la ukoo litasubiri, ukaondoka.

Nilidhani mambo yameishia hapo.

Saa kumi, wageni wakiwa wametawanyika, nilimkuta binti yangu uani, chupa tupu mapajani. Nilimuuliza kwa nini mchumba wake ametuaibisha kwa uchache ule. Alinyanyuka, akaniletea karatasi iliyokuwa ndani ya lile sanduku. Ilikuwa barua yangu mwenyewe, ile niliyomwandikia Lorenzo kumweleza la kuleta. Mstari mmoja ulipigiwa wino chini yake: *kinywaji kimoja kinachostahili heshima ya ukoo wetu.*

"Baba, yeye na mama yake walisoma maneno yako siku tatu," Riziki alisema. "Hii ilikuwa chupa ya mwisho ya divai ya mwisho aliyoitengeneza baba yake. Walisema hakuna nyingine inayofikia maneno hayo."

Niliketi chini, juu ya saruji yenye maji.

Ukweli wote ni huu. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika wazi: kasiye tatu, yaani kreti, za bia na soda za kina mama. Nilifuta. Niliona ni maneno ya dukani, hayalingani na barua iliyoanza kwa salamu zilizopangwa vizuri vile. Kijana alifanya hasa nilichomwandikia. Sisi tukamcheka, kisha nikaamuru kitu cha baba yake kimwagwe ndani ya ndizi.

Nilimwendea Lorenzo chumbani nikamwomba msamaha, kwa Kifaransa changu chote. Alinisikiliza hadi mwisho, na maneno yangu yalikuwa marefu. Alinijibu kwa ufupi:

"Papa, divai ni ya kunywewa na watu, na watu wamekunywa. Lakini mimi bado sijajibiwa."

Ni kweli. Hajajibiwa.

Kwa hiyo, Kaka Matabaro, ninatamka mbele yako na mbele ya wote wasomao hapa kwamba uchache uliokukasirisha haukutoka kwa kijana huyu. Ulitoka katika kalamu yangu. Kasiye zilizopungua nitazileta mimi Lemera, kwa miguu pale barabara inapokwisha, na faini yoyote ya kimila iwe juu yangu. Lorenzo anavuka kurudi Bujumbura Jumatano asubuhi.

Ninaomba uamuzi wako kabla ya hapo: je, ukoo unampokea kuwa mume wa Riziki, au haumpokei? Neno moja linatosha.