Mutiso na Fimbo za Ukoo

Tawa, Makueni
3 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Kimeu,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani, nikitumaini joto la huko Doha halijakumaliza. Mgongo umepona? Unakula vizuri, ama bado ni mkate na soda? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Nikisema wazima nahesabu hata aliyefungwa plasta.

Mvua ya Novemba ilikuwa nzuri na ndengu zilikubali. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Usishangae kupata karatasi badala ya meseji: simu yangu Mutiso aliiponda kwa jiwe, halafu akaponda redio ya Mama. Barua hii anakuletea Cheryl, binti wa jirani yetu Beth, anayekuja kuanza kazi huko. Mpe chai.

Sasa nikueleze vizuri, maana najua umesikia upande mmoja tu, ule wa Mzee Ndululu wa kamati ya ukoo.

Ni kweli ndugu yetu Mutiso alimvunja Mama mkono. Alitaka mbuzi akauze anywe, Mama akang'ang'ania kamba, naye akampiga kwa mpini wa jembe. Nilikuwa jikoni na nikausikia mfupa ukivunjika. Ndipo nikaita ukoo, na nani angenilaumu? Ndululu hupenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi ulimwengu ulikuja na fimbo.

Walimfunga kwenye nguzo ya zizi wakamchapa mpaka shati likashikana na ngozi. Alilia akimwita Baba, kana kwamba Baba angetoka kaburini amfungue. Kimeu, nilikuwa na hasira ya kuua, na bado nilitapika.

Haya yanayofuata Ndululu hakukuambia. Alimtoza mbuzi, yule yule wa Mama, na pombe ya kaluvu. Unajua desturi yetu: aliyechapwa hula na kunywa na waliomchapa, ndipo kesi ifungwe. Wakamfungua, wakamkalisha na damu inatiririka, na Ndululu mwenyewe akamwekea kibuyu mdomoni. Woi! Mtu amechapwa kwa sababu ya pombe, na dawa yake ni pombe. Ningecheka kama isingekuwa ni kwetu.

Walipoenda zao, Mutiso alimaliza iliyobaki, akachukua panga. Aliukata mlango wa Mama vipande vipande akiapa atatuchinja sote. Nilimpiga kichwani kwa mchi wa kinu. Alianguka kama gunia, nikajua nimeua. Na haki ya Mungu, kwa muda kidogo nilifurahi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Hospitalini alishonwa. Muuguzi akaniambia, "Dada, huyu fimbo zimemtosha. Mpeleke kwa wenzake." Akanielekeza Mukuyuni, kwenye stoo ya ndengu ya mfanyabiashara mmoja anaitwa Ngure. Kila Alhamisi watu walioacha pombe hukutana pale. Nilidhani ni maombi. Wapi! Hakuna kuhubiriana, hakuna kuchapana. Unasimama katikati ya magunia, unamtaja uliyemuumiza na ulimuumiza vipi. Ngure mwenyewe ndiye aliyeanza: alimmwagia mke wake chai ya moto usoni, na mke hajarudi.

Siku hiyo ya kwanza Mutiso alimrushia kiti, kikampasua juu ya jicho. Nikajua tumefukuzwa. Ngure akajifuta damu kwa kofia, akamwambia, "Alhamisi ijayo ukuje na misumari." Sheria yao ndiyo hiyo, ulichovunja unatengeneza. Na huyo mkorofi wetu akaenda nayo! Alitengeneza kiti, kisha mlango wa Mama. Alhamisi iliyopita alisimama, akasema, "Nilimvunja Mama mkono." Hakusema ni pombe. Alisema ni yeye. Nililia kama mtoto.

Sikudanganyi, alianguka mara moja. Alikunywa akavunja dirisha langu kwa ngumi. Kioo kipya ameshaweka.

Lakini Ndululu amesikia habari ya lile dirisha, na anasema kwa kosa la pili mtu huchapwa mpaka asiamke. Wanangoja mwisho wa mwezi. Anatangaza sokoni kwamba wewe, mzaliwa wa kwanza, ulimpigia simu ukasema, "Mmalizeni." Kimeu! Ni kweli ulisema hivyo? Baba hayupo, kwa hiyo bila neno lako hawawezi kumgusa. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie Ndululu umwambie umeliondoa neno hilo. Usingoje kesho.

Mama hajui ulisema hivyo. Kila Alhamisi anaenda na Mutiso Mukuyuni, mkono umening'inia kwa leso, anakaa kwenye gunia kando yake. Kwa hivyo kama bado unataka amalizwe, usimwambie Ndululu kwa simu. Mwandikie Mama, kwa mkono wako mwenyewe. Kusoma hajui, lakini mimi nipo. Nitamsomea neno kwa neno.

Nisalimie Mulinge na Munyao mnaolala nao chumba kimoja. Mama anakusalimu sana, na Beth pia. Mutiso aliniomba nisiandike kwamba anakusalimu, nami nimeandika. Mungu akulinde kazini, akupoze na moyo.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Syombua